Kura za Boksi la Chaki

Alipata kura 61, mpinzani wake 48, na moja ikaharibika. Hesabu hizo nazijua kwa sababu aliyekuwa ubaoni akichora vijiti ni mimi, vinne vimesimama na cha tano kimelazwa juu yake, huku Mratibu wa Elimu Kata akifungua karatasi moja moja na kuisoma kwa sauti. Ulikuwa mwaka 2002. Nilikuwa darasa la sita katika shule ya msingi moja pale Mhunze, na mama aliyechaguliwa siku ile kuingia kamati ya shule alikuwa muuza dagaa. Zaidi ya miaka ishirini imepita. Nimeshuhudia chaguzi nyingi tangu hapo, za udiwani, za ubunge, za chama cha msingi cha pamba, na sijaona nyingine ambayo wapiga kura walijua kwa uhakika kiasi kile wanamchagua mtu akafanye nini.

Sisi watoto tulimwita Mayu, kama tulivyowaita mama zetu wote, na humu nitamwita hivyo hivyo. Jina lake ni la kwake na wanawe.

Mhunze ni makao makuu ya Wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga. Wakati ule wilaya ndiyo kwanza ilikuwa inazaliwa, ikimegwa kutoka Shinyanga Vijijini, na watu walizungumza habari za ofisi zitakazojengwa na maji yatakayoletwa. Ni nchi ya pamba, mtama na ng'ombe, tambarare ya udongo mweusi unaonasa matairi masika na kupasuka kiangazi, mipasuko ya kumeza mguu wa mtoto. Ndani ya wilaya hiyo hiyo uko mgodi wa Mwadui, aliouanzisha Mkanada John Williamson mwaka 1940. Huko ndiko ilikotoka, mwaka 1947, ile almasi ya rangi ya waridi aliyozawadiwa Elizabeth wa Uingereza alipoolewa, kabla hajawa malkia. Mwalimu wetu alitusimulia habari ya almasi hiyo nasi tumekaa sakafuni, kwa maana madawati yaliyokuwapo yalitosha nusu ya darasa.

Na mwaka ule hata sakafu haikutosha. Serikali ya Rais Mkapa ilikuwa imefuta ada ya shule ya msingi, zile shilingi 2,000 kwa mwaka ambazo mtu wa leo ataziona ndogo. Kwa familia ya watoto watano inayosubiri pamba inunuliwe zilikuwa sababu tosha ya kumwacha mmoja au wawili nyumbani wakachunge. Ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, ambao kila mtu aliuita MMEM, watoto waliletwa kwa makundi. Walikuja wavulana wa miaka 12 waliokuwa hawajawahi kushika kalamu, wakaketi pamoja na wadogo zao wa miaka saba. Nchi nzima ilikuwa hivyo: wanafunzi wa shule za msingi walikuwa chini ya milioni tano mwaka 2001, na miaka minne baadaye walizidi milioni saba. Pale kwetu darasa la kwanza liligawanywa mikondo, mmoja ukasomea chini ya mwarobaini, na ubao wake ulikuwa bati lililopakwa rangi nyeusi.

Lakini kilichobadilisha siasa za kijiji ni fedha, na njia zilizopitia. Kabla ya hapo kamati ya shule ilikuwa chombo cha kuitisha michango. Mjumbe wa kamati alikuwa mtu wa kukalia kiti cha mbele mgeni akija. Majina yalipatikana kwa wazee kadhaa kukubaliana, kisha mkutano ukaulizwa kama kuna mwenye neno, na neno halikuwapo. Sasa serikali iliahidi ruzuku ya dola kumi kwa kila mwanafunzi kwa mwaka, ambayo wakati huo ilikuwa karibu shilingi 10,000, na juu yake fedha za kujenga madarasa, milioni tatu na ushei kwa chumba kimoja. Fedha zingeingia kwenye akaunti ya shule yenyewe. Kamati ndiyo ingepanga, ingenunua, ingemlipa fundi, na hundi isingetoka bila saini za watu wake. Watu waliokuwa wakisinzia mikutanoni wakaamka.

Mayu alikuwa na umri wa miaka arobaini hivi. Aliingia darasa la kwanza akiwa mkubwa, baada ya Azimio la Musoma la 1974 kuamuru kila mtoto apelekwe shule, na akamaliza la saba. Alinunua dagaa wa Mwanza kwa magunia na kuwauza siku za gulio na nyumbani kwake, kwa sado na kwa fungu, wengi wakikopa hadi msimu wa pamba. Daftari lake la wadeni tulilijua sote, kwa kuwa watoto ndio tuliotumwa kukopa. Ulikuwa ukifika unasema, "Shikamoo Mayu, mama kasema umpe fungu mbili," naye kabla ya kupima alifungua daftari, akaandika, akakuonyesha ulichokopa na akakuambia usome kwa sauti. Ukikosea kusoma alikurudisha mwanzo. Kwake nilijifunza kujumlisha kwa kushuka safu zaidi kuliko nilivyojifunza kwa mwalimu yeyote.

Mkutano wa wazazi ulioanzisha yote ulifanyika siku ya Jumamosi, na sisi wa darasa la sita tulikuwapo kwa sababu tulipewa kazi ya kubeba viti na maji ya kunywa. Mwenyekiti wa kamati, mzee aliyeshika kiti hicho kwa miaka mingi, alieleza habari za MMEM na kusema wazazi wajiandae kuchimba mchanga na kusomba mawe, maana nguvu za wananchi zilitakiwa. Watu wakaitikia. Ndipo Mayu aliposimama.

"Mwalimu Mkuu, habari za kazi. Wazee wangu, shikamooni. Mimi mchanga nitasomba. Naomba kwanza kuuliza habari ya madawati."

Mwaka uliotangulia kila mzazi alikuwa ametoa mchango wa madawati, na madawati hayakuja. Mwenyekiti akasema jambo hilo lilishajadiliwa.

"Lilijadiliwa lini, mzee wangu, na nani? Mimi stakabadhi yangu ninayo." Akafungua pindo la kanga, akatoa kipande cha karatasi kilichokunjwa mara nne, akakinyoosha juu ya goti lake taratibu mpaka kikaweza kusomeka, kisha akakishika juu kila mtu akione. Wanawake wengine wawili nao wakaanza kufungua pindo zao.

Mtu mmoja wa meza kuu, mwenye cheo, akasema kwa hasira kidogo kwamba hizi zinazokuja sasa ni fedha za serikali, si michango, na wazazi hawana sababu ya kuzipigia kelele kwa kuwa hawakutoa kitu. Nakumbuka Mayu hakupandisha sauti. Alisema alisikia redioni kwamba sehemu ya fedha hizo ni mkopo wa Benki ya Dunia. "Sasa mkopo huo atalipa nani? Mimi na wewe tutakuwa tumeshazikwa. Watalipa hawa hawa waliokaa chini." Akatuonyesha kwa mkono, sisi tuliokuwa na ndoo za maji.

Alikuwa sahihi. Benki ya Dunia iliidhinisha mkopo wa dola milioni 150 kwa ajili ya mpango ule. Nilikuja kuusoma ukubwani, na kila nilipoona tarakimu hiyo niliona mkono wake.

Mratibu akatangaza kwamba kamati itaundwa upya kabla ya fedha kufika, kila kitongoji kitachagua mjumbe wake, na wanawake wajitokeze. Jioni hiyo hiyo Mayu alikwenda kuandikisha jina lake. Katika kitongoji chetu angeshindana na mjumbe aliyekuwapo, mtu mwenye ng'ombe wengi na heshima yake, ambaye hakuwa mwizi na sitaki adhaniwe hivyo. Kosa lake lilikuwa moja: aliamini kwamba kuulizwa ni kutukanwa.

Wiki zilizofuata zilikuwa mbaya. Vilabuni walisema mwanamke hawezi kusafiri hadi benki Shinyanga na kulala huko pamoja na wanaume wa kamati. Walisema mwenye duka la dagaa anataka fedha za shule ziwe mtaji. Hayo yalikuwa maneno ya kawaida na yalijibiwa kwa kawaida. Mumewe, mtu mpole wa maneno machache, aliulizwa kilabuni kama amemruhusu, akajibu kwamba nyumbani kwake hesabu zinafungwa kila jioni na yeye analala usingizi mzuri kwa sababu hiyo.

Kisha likazuka jingine. Mtu fulani akaanza kusema macho ya yule mama yamekuwa mekundu.

Kwa msomaji wa pwani au wa Nairobi hilo ni neno dogo. Kwetu Usukumani lilikuwa tishio la kifo. Miaka ile, na kabla yake, vikongwe waliuawa kwa mapanga usiku kwa kushukiwa uchawi, na wekundu wa macho ndio uliotajwa kuwa ushahidi, ilhali wanawake hao walikuwa wamepika maisha yao yote kwa samadi na mabua ya pamba, katika vibanda visivyo na dirisha. Nchi ya Shinyanga ilikuwa imebaki na miti michache sana, moshi wa samadi ulikuwa moshi wa kila nyumba. Mayu hakuwa kikongwe, lakini neno likishatoka halichagui umri. Mama yangu aliposikia aliweka chini ungo aliokuwa akipepetea na akaenda kwake akiwa peku. Kwa siku kadhaa wanawake wa kitongoji walilala nyumbani kwa Mayu kwa zamu. Wazee wa sungusungu wakaitisha kikao, wakaonya kwamba atakayerudia neno lile atatozwa ng'ombe na kutengwa, na hapo neno likakoma. Mpinzani wake alihudhuria kikao hicho akasimama mwenyewe kulilaani. Nalitaja hilo kwa sababu ni haki yake, na kwa sababu wengi wanaonisimulia siku hizi habari za uchaguzi ule wamelisahau.

Mwanangu aliwahi kuniuliza kwa nini Mayu hakujitoa. Mayu mwenyewe alimjibu mama yangu swali hilo, nami nikiwa nje ya dirisha nikalisikia jibu: alikuwa na mtoto wa kike darasa la nne, na hakutaka mtoto huyo ajifunze kwamba macho ya mtu yakitajwa, mtu hukaa kimya.

Siku ya kura kila kitongoji kilipewa mti wake. Karatasi zilikuwa kurasa za daftari zilizokatwa vipande vinne, sanduku lilikuwa boksi la chaki lililotobolewa mwanya kwa wembe na kufungwa kwa kamba ya katani. Kwa kuwa wazazi wengi hawakujua kuandika, Mratibu alichagua wanafunzi wawili wa darasa la sita wasio na undugu na wagombea, akatukalisha kwenye dawati moja mbali na watu. Asiyejua kuandika alikuja, akanong'ona jina, sisi tukaandika, akakunja mwenyewe na kutumbukiza. Tulikula kiapo mbele ya Mwalimu Mkuu kwamba hatutasema.

Sijasema, na majina sitayataja hata leo. Ila naweza kueleza nilichokiona. Mzee mmoja aliyekuwa ametembea kitongoji kizima akimpinga Mayu alikuja, akainama hadi nikasikia harufu ya ugoro, akaniambia, "Andika yule mama. Na ukisema popote, baba yako nitamwambia umenitusi." Akaja mwanamke ambaye alikuwa mmoja wa waliolala kwa Mayu zile siku mbaya. Mumewe alikuwa amesimama kwenye kivuli cha pili akimtazama. Alinitajia jina la mwanamume. Niliinua macho kumwangalia, akarudia jina lile lile, kwa sauti thabiti zaidi. Nikaandika alichosema.

Sijawahi kuona aibu kwa niaba yake wala hasira. Nilijifunza siku ile, nikiwa na miaka 13, kwamba kila karatasi iliyomo bokisini ina nyumba nyuma yake, na kwamba siri ya kura si pambo la sheria. Wale walioweza kuandika wenyewe walikuwa huru kuliko wale waliotegemea sikio langu. Ndiyo maana mpaka leo nakasirika nikisikia mkutano wa wazazi umechagua wajumbe kwa kunyoosha mikono, eti kuokoa muda.

Baada ya matokeo, kamati mpya ilikaa na kumchagua mwenyekiti kutoka kitongoji kingine, mwalimu mstaafu. Mayu akawekwa kamati ndogo ya ujenzi na akawa mmoja wa watia saini. Fedha za chumba cha kwanza cha darasa zilipoingia, walipanda lori la pamba kwenda Shinyanga, wakarudi siku ya pili na risiti za saruji, mabati na misumari, na kabla hajaenda nyumbani kuoga Mayu alipita shuleni kuhesabu mifuko.

Nataka nieleze habari ya msingi wa jengo lile, kwa sababu nilisimama ukingoni mwa mtaro nikiona. Fundi alikuwa amechimba kina cha goti na kutaka kuanza kumwaga zege. Mayu akashuka mtaroni na jembe. Akachimba kipande kimoja mwenyewe mpaka udongo mweusi ukaisha na kikatokea kitu cha kijivu chenye changarawe ngumu. Akamwita fundi, akamwuliza kwa heshima, "Baba, mweusi huu masika unafanya nini?" Fundi akasema unavimba. "Na kiangazi?" Unasinyaa. "Sasa ukuta ukikaa juu ya kitu kinachovimba na kusinyaa, utafanya nini?" Fundi alijua jibu tangu mwanzo, kila mtu Mhunze analijua, maana nyumba zetu zote zina nyufa za kuingiza kidole. Alikuwa akiharakisha kazi ili bei aliyopatana imlipe. Walibishana mpaka jua likaanza kuchoma, kisha wakaafikiana: wazazi wachimbe kilichobaki kwa nguvu zao, fundi asidai nyongeza. Kesho yake wanaume walikuja na majembe, na mpinzani wake alikuwa miongoni mwao. Darasa lile linasimama hadi leo bila ufa. Lililojengwa miaka ya nyuma kando yake lilibomolewa.

Jambo la pili alilolisimamia ni ubao wa matangazo. Mwongozo wa MMEM ulitaka mapato na matumizi yabandikwe hadharani, na shule nyingi zilibandika karatasi ndogo ndani ya ofisi ya mwalimu mkuu. Mayu alitaka iwe nje, kwa maandishi makubwa, na siku ya gulio mwanafunzi aisome kwa sauti karibu na wauza nyama, mahali ambapo watu wote hupita. Niliisoma mara kadhaa. "Saruji mifuko arobaini. Nauli ya lori. Posho ya fundi." Watu walisimama na nyama zao mkononi wakisikiliza kama vile ni taarifa ya habari. Siku moja ruzuku ya wanafunzi ilipofika pungufu ya ilivyoahidiwa, tulisoma na pungufu hilo, na watu kumi na kitu wakaenda na Mayu ofisini kuuliza. Wakaambiwa sehemu yake inabaki ngazi ya juu kwa ajili ya vitabu, na nyingine imechelewa. Hawakuridhika, lakini waliondoka wakijua. Nchi nzima ruzuku ile ilikuwa ikija kwa kuchelewa na kwa pungufu. Tofauti ni kwamba pale kwetu wauza nyama nao walijua.

Miaka mingi baadaye nilifanya kazi Geita, katika ghala la kampuni iliyouza vifaa migodini. Mfanyakazi mwenzangu, dada mmoja ambaye mumewe alikuwa mhandisi wa mgodi, alikuwa na mtoto katika shule ya kimataifa ya Mwanza. Akaamua kugombea ujumbe wa bodi ya shule hiyo. Katika shule za namna hiyo si jambo geni: ile ya Dar es Salaam, International School of Tanganyika, ipo tangu 1963, na ya Moshi tangu 1969, na wazazi kuwa na viti kwenye bodi ni sehemu ya uendeshaji wake. Bodi ndiyo inayomwajiri mkuu wa shule, ndiyo inayopitisha bajeti na ada. Dada yule alinipa maelezo yake ya kurasa moja na nusu niyasome. Yalijaa maneno mazuri: ubora, maono, viwango vya dunia.

Nilimsimulia habari ya stakabadhi iliyokunjwa mara nne. Akanyamaza kidogo, kisha akasema huko kwao hakuna mtu angeshangaa mzazi kuuliza fedha zimekwenda wapi, kwa kuwa kila mmoja analipa ada kubwa na anaijua kwa senti. Hapo ndipo nilipolielewa vizuri jambo ambalo Mayu alilifanya. Anayelipa kwa mkono wake hahitaji ujasiri mkubwa kuuliza. Mayu aliuliza juu ya fedha ambazo kila aliyekaa meza kuu alimwambia si zake, na akasimama katika uchaguzi kwa msimamo kwamba ni zake, kwa kodi ya pamba, kwa mchanga aliosomba, na kwa deni litakalolipwa na mwanawe. Msimamo huo mgumu zaidi ndio nilioutaka dada yule auweke kwenye karatasi yake, kwa maneno yake. Alifuta ukurasa mzima, akaandika mambo matatu ambayo angeyauliza kwenye kikao cha kwanza. Akachaguliwa.

Nina hofu na kamati zetu za leo, na naisema waziwazi. Waraka wa Elimu namba 5 wa mwaka 2015 uliondoa ada na michango ya lazima hadi kidato cha nne, na ninaunga mkono hilo kwa moyo wote, kwa kuwa niliwaona wale wavulana wa miaka 12. Lakini ruzuku ya shule ya msingi ilipangwa shilingi 10,000 kwa mwanafunzi kwa mwaka, 6,000 ziende shuleni na 4,000 zibaki kwa vitabu. Ni elfu kumi zile zile za mwaka 2002, ila za 2002 zilikuwa karibu dola kumi, na hizi zilipoanza kutolewa mwaka 2016 hazikufika dola tano. Nilihudhuria mkutano wa kuchagua kamati si muda mrefu uliopita, katika shule nyingine. Watu walisukumiana nafasi: ingia wewe, mimi nina shughuli. Hakuna aliyepakwa matope, hakuna aliyetishwa. Hakukuwa na kitu cha kumtishia mtu. Wazazi wakiona kwamba kilichobaki mikononi mwa kamati ni chaki na karatasi za mitihani, hawaoni sababu ya kukesha kwa ajili ya kura, na siwalaumu wao.

Muhula wa Mayu ulipoisha hakugombea tena. Kitinda mimba wake alikuwa amemaliza darasa la saba, na yeye alishika kanuni kwamba mjumbe wa wazazi awe na mtoto shuleni. Safari hii waliojitokeza kitongoji chetu walikuwa wanne, watatu wanawake. Akashinda yule yule aliyeshindwa mwanzo, kwa kura chache, baada ya kuahidi mbele ya watu kwamba ubao wa matangazo utabaki nje.

Makabidhiano yalifanyika darasani, lile lisilo na ufa. Wakati huo nilikuwa sekondari, nipo likizo, nikaenda kwa kuwa nilitaka kuona. Mayu alileta risiti zote katika mfuko wa nailoni ulionuka dagaa, zimefungwa kwa mafungu na nyuzi za pamba, kila fungu mwezi wake. Mjumbe mpya alizisoma moja baada ya nyingine kwa sauti, hakuruka hata moja, na ilipofika ya misumari akasema kiasi hakilingani na leja. Mayu akaomba daftari la pili. Risiti nyingine ilikuwa imo, ya siku iliyofuata, kwa kuwa dukani misumari ilikuwa imewaishia. Mjumbe akaipokea, akaitazama mbele na nyuma, akatia saini.

Mwezi uliofuata karatasi ya mapato na matumizi ilibandikwa mapema kuliko Mayu alivyozoea kuibandika. Alikuwa wa kwanza kuisoma, kikapu cha dagaa kichwani, na kabla ya kuondoka alimtuma mtoto amwite mjumbe, kwa sababu vitabu vya darasa la tatu viliandikwa 40 na yeye alikuwa ameshavihesabu 38.